Majina ya Banda la Askari

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua lango, nikafagia kinyesi cha popo, nikaandika kwenye kitabu cha wageni: hakuna. Magoti yanauma. Kila siku kutoka nyumbani Woodley hadi Dagoretti, miaka kumi na moja, kutunza ngome ya kikoloni ambayo majirani wanadhani ni kituo cha polisi kilichohamishwa.

Barua imefika. Kamati ya kuhifadhi majengo ya kale inakuja Alhamisi. Mnara na ukuta mkubwa havina shida, vinalindwa na sheria. Shida ni banda la askari nyuma yake. Soko la jirani linataka pawe maegesho ya magari. Kamati ikiona banda lina historia, litabaki. Isipoona, litabomolewa.

Nina kitu kimoja tu cha kuwaonyesha. Majina. Askari wa kwanza wa hapa, waliotoka pwani na misafara, walichora majina yao kwa misumari kwenye plasta ndani ya banda. Wakubwa wao Wazungu wameandikwa vitabuni. Hawa wana ukuta huo peke yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeitwa mjini, ofisi kuu. Mkutano kuhusu chai ya wageni. Saa tatu nzima. Nimechoka na watu wanaopenda kuzungumzia sambusa.

Asubuhi nilimpigia simu Wafula, fundi wetu, kuhusu kupaka rangi kabla ya Alhamisi. Mgeni mkubwa akija, sharti kupakwe rangi. Serikalini ndivyo tulivyolelewa. Mawe ya njiani, vigogo vya miti, nguzo za lango. Nilimwambia apake kila kitu kitakachoonekana.

Jumatano, 5 Machi

Amepaka banda ndani.

Nilinusa rangi mbichi mlangoni nikajua kabla ya kuona. Nyeupe juu, nyeusi chini, kama darasa la shule ya msingi. Kazi safi kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Wafula alikuwa akiosha brashi. "Madam, hiyo ukuta ilikuwa imeandikwa-andikwa. Nikaona wageni watatucheka."

Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Kisha nikakumbuka ni mimi niliyemwambia apake kila kitu. Alipoajiriwa mwaka jana nilimwonyesha stoo, choo na bomba la maji. Majina sikumwonyesha. Sikuona haja.

Tulijaribu kukwangua kwa kisu. Rangi inatoka na plasta yake, chokaa ile ya zamani ni laini mno. Tukaacha. Nina hasira na sina wa kumpa.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekuja wanne. Wamesifu usafi. Ningeweza kunyamaza. Nikasema: chini ya rangi hii kuna majina ya askari, na mimi ndiye niliyeagiza ipakwe.

Mwenyekiti, mama mpole wa rika langu, akauliza kama nina picha. Sina. Mbuzi wa jirani nina picha zake. Hata keki za harusi za watu nisiowajua vizuri. Ukuta ule niliona upo tu, hauendi popote.

"Basi tutajie hayo majina, tuandike," akasema, akatoa kalamu.

Nilitaja mawili. La tatu likaja kwa taabu. Halafu nikasimama pale, watu wanne wakiningoja. Miaka yote hiyo nimewaonyesha wageni majina yale kwa kidole. Kumbe nilikuwa siyasomi.

Wamenishukuru kwa heshima. Afadhali wangenigombeza.

Ijumaa, 14 Machi

Uamuzi umetoka. Mnara unabaki, banda linaondoka. Majina matatu ya kukumbuka tu hayatoshi, wameandika, ingawa kwa lugha ya adabu.

Nilimwambia Wafula. Akasema pole, Madam, ni mimi. Nikamwambia si yeye. Nataka kustaafu. Nataka kulala wiki nzima.

Jumanne, 18 Machi

Tingatinga lilimaliza kabla ya chai ya saa nne. Halafu mvua ikanyesha, vumbi likatulia. Wafula amefagia njia. Wageni: hakuna.

Feruzi. Songoro. Baraka.

La nne lilikuwa karibu na dirisha, linaanza na M, refu kidogo. Nimelitafuta kichwani siku nzima.