Kistari Mbele ya Jina la Nchi Yetu

Kopenhagen, Februari 1974

Kaka Omari, shikamoo.

Najua barua zangu huzisoma barazani kwa sauti, majirani wakisikiliza. Hii isome peke yako kwanza. Ukiimaliza, msomee Mama, kisha msomee dada Mwanahawa, naye awe amekaa karibu yako, si ng'ambo ya ua.

Goti la Mama linaendeleaje? Mpunga wa bondeni ulinusurika na nguruwe? Mimi ni mzima. Kila wiki napeleka habari zangu gazetini Dar, na baridi nimeizoea kwa kuwa sina namna. Hayo yanatosha.

Umeniandikia kwamba mjumbe wa nyumba kumi anataka dada apelekwe kwenye makazi ya wakoma kabla ya masika, kwamba ninyi nyote mmekubali, na mnangoja neno langu tu. Neno langu ni hapana. Nitakueleza sababu, na nakuomba ufike mwisho kabla hujakasirika. Mimi nimekwisha kukasirika kwa niaba yetu sote.

Mwezi uliopita nilikwenda kuandika habari ya ofisi moja ya hapa inayohesabu wagonjwa wa saratani wa nchi nzima. Kila mgonjwa ana kadi yake. Daktari akimgundua mtu, hata kama ni kwenye kisiwa cha wavuvi, hujaza kadi na kuileta mjini. Anayezitunza ni daktari mzee, mpole, mwenye wino vidoleni. Alinifungulia droo moja fupi.

"Hawa ni wa limfoma ya ngozi," aliniambia.

Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtu asiye daktari. Akasema ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zinazokwenda kujazana kwenye ngozi. Huanza na mabaka. Mabaka huwasha, hukaa miaka, na watu huyaita kila jina isipokuwa jina lake.

"Ni wachache sana," alisema. "Ila hao wachache tunawajua mmoja mmoja."

Akanionyesha picha. Ya kwanza na ya pili niliziandika kwenye daftari langu kama kazi. Ya tatu ilikuwa ya mtu mweusi, mgongo umejaa mabaka yaliyofifia, yenye kingo kama ramani. Niliacha kuandika. Mgongo ule niliwahi kuuona.

Nikamuuliza, "Tanzania wako wangapi?"

Alifungua kitabu kikubwa chenye nchi nyingi, akateremsha kidole. Mbele ya jina letu palikuwa na kistari.

"Kwenu ugonjwa huu haupo," alisema.

"Haupo, au hakuna aliyeuhesabu?"

Akavua miwani. "Umeuliza vizuri. Kistari si sifuri. Nani huko angejaza kadi?"

Jibu nilikuwa nalo. Unakumbuka miaka mitatu iliyopita, nikiwa likizo, mimi ndiye niliyempeleka dada zahanati. Hukuwapo, kwa hiyo nakuandikia kilichotokea. Dresa, yule mhudumu wa pale, alimtazama akiwa bado mlangoni.

"Mabaka haya tangu lini, mama?"

"Mwaka wa pili huu. Yananiwasha, bwana, silali."

"Yanawasha!" Dresa alicheka. "Ukoma wako una madaha, mama."

"Siyo ukoma. Ukinigusa nasikia. Hata nzi akitua nasikia."

"Kitabu changu kina malaria, kina upele, kina vidonda, kina ukoma. Sasa nikuandike wapi? Nikufungulie ukurasa wako?"

Akaandika ukoma. Hakumgusa. Hakuwa na sindano wala pamba mkononi, alikuwa na kalamu tu. Siku ile dada akawa mkoma katika hesabu ya Wizara, na limfoma, kama ndiyo, ikabaki kistari katika kitabu cha Kopenhagen. Dresa mmoja, mstari mmoja, makosa mawili. Na katika nchi nzima sijui wako Mwanahawa wangapi, wala hakuna anayejua, kwa sababu kila mmoja ameandikwa mahali ambapo kitabu kilikuwa na nafasi.

Dresa simwachii lawama zote. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza watu maswali, nilisimama pale nikasikia mgonjwa anasema "nasikia", nisiulize hata moja. Tukarudi nyumbani, nanyi mkamtoa kwenye sinia. Tangu tuzaliwe tumekula sinia moja, mikono yote humo humo. Jioni ile Mama alimpakulia pembeni. Kesho yake mimi nilikwenda Msata nikamnunulia bakuli la bati lenye ukingo mwekundu, lisichanganyike na vyombo vingine. Nilijiona nina huruma. Unakumbuka alivyolipokea?

"Loo, leo nimekuwa Liwali," alisema. "Nakula peke yangu, na chombo changu kina alama."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Tangu hapo mmemjengea kibanda nyuma ya choo, na miaka mitatu anameza vidonge visivyomsaidia. Sasa mnaandika kwamba haponi kwa kuwa ni mkaidi!

Sasa nisikilize vizuri, maana sitaki useme Salehe amesema asichosema. Sijasema dada ana limfoma. Yule daktari mzee nilimweleza yote, naye alikataa kutaja ugonjwa wa mtu asiyemwona. Alisema lazima ikatwe ngozi kidogo, itazamwe kwa hadubini. Lakini alinipa jambo ambalo hata wewe unaliweza. Baka la ukoma kwa kawaida hufa ganzi. Chukua sufi kidogo kwenye godoro. Mfumbe dada macho kwa kitambaa, umguse kwenye mabaka, polepole, mahali kumi, na kila anaposikia aseme "hapa". Mguse wewe mwenyewe, kaka. Usimtume mtu, wala usitumie kijiti kirefu.

Sufi haitamaliza ubishi wote, ila itakuonyesha kama yale maneno ya mlangoni yalikuwa ya kweli. Lolote litakalotokea, mpeleke Dar. Pandeni lori hadi Msata, kisha basi. Nimekwisha kumwandikia daktari wa ngozi pale hospitali kuu, naye amenijibu kwamba atampokea Jumanne yoyote, na barua yake ya kumwonyesha mjumbe nimeiweka humu. Mjumbe akibisha, mwambie gazeti litataka kujua jina lake na linaandikwaje.

Na hata kama ni ukoma kweli, daktari alinihakikishia kwamba mtu anayekunywa dawa zake kwa miaka mitatu hana haja ya kufichwa nyuma ya choo. Kwa hiyo kibanda kile hakina udhuru kwa ugonjwa wowote.

Msalimie Mama, mwambie simkasirikii yeye. Shemeji Zuhura mwambie kitenge nitakileta. Mwalimu mkuu anayetupokelea barua mpe shukrani zangu.

Dada Mwanahawa mwambie hivi: Salehe alikusikia pale zahanati, akanyamaza, na anaomba radhi. Bakuli lile wape kuku wanywee maji.

Katika jibu lako sitaki habari za mpunga wala za mjumbe. Niandikie namba moja: katika mara kumi, amesema "hapa" mara ngapi. Namba hiyo nitampelekea mzee wa kadi. Hatanijazia kadi kwa sababu yake, najua, lakini itakuwa mara ya kwanza mtu wa kwetu kuguswa kabla ya kuandikwa.

Mdogo wako,
Salehe