Mama Alawiya Ndilo Jina Lake

Likoni,
Jumatano mchana

Mdogo wangu Najib,

Huo mstari wa wino unaokata karatasi kutoka juu mpaka chini si wangu, ni wa Asmaa. Sasa hivi niligeuka kuepua chai, na niliporudi nikamkuta amelikalia daftari langu la kazi, kalamu mkononi, anasema anamwandikia mjomba. Nilipomnyang'anya alilia kama kafiwa. Nimempa kipande cha mkate wa sinia ndiyo kanyamaza. Karatasi siibadilishi. Zipokee salamu zake kwanza.

Baada ya hizo pokea zangu. Assalam aleikum. U hali gani, na masomo yaendaje? Sisi huku afya ipo, alhamdulillahi. Goti la mama limepoa, ila mdomo wake haujapoa, kila siku auliza kama huko chuoni mwapewa chakula au mwapewa kompyuta tu. Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu nimekupigia simu mara tatu hukupokea, na ya nne ukaniandikia uko darasani. Tena mambo haya sitaki kuyapitisha kwenye simu. Bwana Faki anapanda basi kesho asubuhi, atakufikishia bahasha hii mkononi.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikize, Najib, maana nina hasira nawe ambayo wallahi sijapata kuwa nayo kwa mtu wa tumbo moja nami.

Ulipokuja likizo ya Aprili ulinieleza somo lenu jipya, la ulinzi wa hifadhidata na programu. Mimi niliishia darasa la nane lakini nilikuelewa. Ulisema hifadhidata ni kama daftari langu la zahanati, ila limo ndani ya kompyuta, na kazi yenu ni kuhakikisha asiyehusika halifungui. Ukanionyesha vile mtu anaweza kuandika alama fulani pale panapotakiwa jina, na kompyuta ikadhani imeamrishwa, ikamwaga kila kitu. Nilicheka. Nikakwambia hiyo ni kama bawabu anayemfungulia mwizi geti kwa sababu mwizi kamwambia yeye ndiye mwenye nyumba. Ukafurahi, ukasema ningekuwa darasani kwenu ningewapita wengi. Maneno yale yaliniingia, Najib. Nilitembea nayo wiki nzima.

Kisha ukasema kila mwanafunzi atatengeneza mfumo wake, na wenzake watajaribu kuuvunja ili matundu yaonekane. Ulitaka habari za kujazia. Mwalimu wenu aliwakataza kutumia habari za watu wa kweli, uliniambia mwenyewe kwa mdomo wako, lakini ukasema za kubuni hazina ladha. Ukaniomba daftari langu la nyumba arobaini ninazozitembelea kwa niaba ya zahanati. Ukaniapia majina yote utayafuta.

Na kweli uliyafuta. Safu ya jina la kitambulisho uliifuta yote. Ukaacha safu ya jina la kuitwa. Ukaacha na safu ya anapokaa. Kwa hivyo Salha Abdulghani akatoweka, akabaki Mama Alawiya, mlango wa kijani nyuma ya madrasa, sindano ya kupanga uzazi kila miezi mitatu.

Mwalimu wenu simlaumu, yeye ni mtu wa bara, kwake Mama Alawiya ni mama yeyote. Lakini wewe! Wewe uliyezaliwa hapa! Ulipokuwa ukitumwa chumvi, uliambiwa nenda kwa nani? Ulipovunjika mkono ukabebwa mbio mpaka barabarani, aliyekubeba ulimwita nani, kama si Mama Fulani? Nimekaa na Salha ukuta kwa ukuta miaka sita, na jina la Salha nililijua siku nilipomwandika kwenye daftari. Wewe ulifuta jina ambalo hakuna mtu Likoni nzima analijua, ukaacha lile ambalo hata paka wa mtaa analijua. Halafu ukaniandikia umepata alama za juu kwa kulinda siri za watu.

Sasa yaliyotokea uyajue. Kundi lililouvunja mfumo wako lilikuwa na Imad, yule mtoto wa mamake mdogo Ghanim. Na Ghanim ni nani? Mumewe Salha. Imad aliona mlango wa kijani, akaujua, maana ndani ya mlango ule kala biriani mara ngapi! Akacheka, akapiga picha, akamtumia dadake. Kufika Ijumaa picha ile ilikuwa kwenye simu ya Ghanim, bila kujulikana imetoka wapi; dadake Imad alikuja kuniungamia mimi peke yangu.

Salha, ujue, amezaa kwa kupasuliwa mara mbili, na mara ya mwisho daktari alimwambia asibebe tena. Alimweleza mumewe, mumewe akasema madaktari si Mungu, yeye ataka mtoto wa kiume. Ndipo akaja kwetu zahanati kwa siri. Mwaka mzima Ghanim amekuwa akiomba dua, na Salha akiitikia amina. Ijumaa ile Ghanim alimsimamisha mkewe uani mbele ya mama mkwe, akamsomea ile picha neno kwa neno, tarehe kwa tarehe. Akasema amelala na mwongo. Jioni ile ile Salha alirudishwa kwao Miritini na yule mdogo anayenyonya. Alawiya alizuiliwa. Ana miaka saba, Najib. Kila akitoka madrasa hupitia hapa kwangu, aniuliza mamake atarudi siku ngapi, nami namhesabia vidole nikijua ninamdanganya.

Nilikwenda Miritini Jumapili. Salha alinipokea, akanipa maji, lakini hakukaa karibu nami. Aliniuliza jambo moja tu: je, ni muuguzi? Hapo nitarudi.

Maana muuguzi wetu Mercyline, yule binti wa Taita aliyenizalisha Asmaa, ndiye anayebebeshwa mzigo. Watu wamepiga hesabu: siri ile waliijua wawili tu, aliyedunga sindano na aliyeandika. Mimi ni mtoto wa hapa, mama yangu yuajulikana, kwa hivyo ni yeye. Wanawake wa bombani wanamwita redio. Akipita, mmoja huuliza kwa sauti kama taarifa ya habari imeshasomwa, na mwengine hujibu kwamba leo ni vifo na matangazo tu. Kina mama kumi na moja wamekosa siku zao za kliniki. Na leo baada ya Alasiri kuna kikao pale zahanati, mwenyekiti wa kamati amesema Mercyline ataondolewa.

Nimeandika kurasa hizi kama kwamba kosa ni lako peke yako. Si lako peke yako. Wewe hukuniibia daftari. Nilikupa mimi. Ulipokuwa ukilipiga picha pale kitandani, upepo wa feni ulikuwa ukizifunua kurasa, nami nilizishika kwa viganja vyangu viwili zisikusumbue, nikijiona dada wa msomi. Salha aliponiuliza siku ya kwanza kama jambo lake litakaa hapa hapa, nilimwambia litabaki kwangu, kwake na kwa Mola. Na Jumapili aliponiuliza kama ni muuguzi, nilitazama chini, nikasema huenda. Huenda, Najib! Kwa neno hilo moja nimemzika mtu aliyenishika mkono usiku kucha nilipokuwa nikimzaa mwanangu. Jumatatu mwenyekiti naye akaniuliza, nikamjibu daftari langu halijatoka mikononi mwangu. Ni kweli halikutoka. Ndivyo nilivyojifariji.

Leo nitasimama niseme. Nikisema, daftari hili watanipokonya, na ile nafasi ya kwenda kusomea afya ya jamii mwezi wa tisa, niliyoihesabu kama mtoto anavyoihesabu Idi, itakwenda kwa mwengine. Huenda Ghanim akanitukana mbele ya mama. Sawa. Usinipigie kunizuia, ukipata barua hii nitakuwa nimeshasema.

Wewe nenda kwa mwalimu wako umwambie ukweli, hata kama alama utanyang'anywa. Futa kila kitu, na kwa Imad kifutwe ukiwa umesimama hapo unaona. Kisha uje, twende Miritini pamoja tukakae mbele ya Salha. Na somo hilo usiliache. Lisome mpaka ulijue kweli, ili ukiona jina Mama Fulani ujue kuna mtu nyuma yake, na nyuma yake kuna mtoto. Nakukasirikia kwa sababu nakutegemea. Asmaa akikua nataka siri zake zikae mikononi mwa watu kama utakavyokuwa.

Mama akusalimu, asema ule, na uvae sweta. Ni mimi dadako, Mwidani. Hilo jina nimeliandika makusudi. Muulize Bwana Faki kama alijua ndilo langu.

Nasikia hodi. Ni Mercyline, amekuja kunipitia twende pamoja, huyo ananiita Mama Asmaa, Mama Asmaa, saa imefika. Amemnunulia mtoto biskuti. Mwenyewe ameushika mkoba wangu, aniambia leo hana mtu ila mimi, nami naona aibu hata kuinua uso, kwa kuwa hajui bado kwamba