Majani ya Chini ya Kikapu

Kianjokoma,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka yangu Njagi,

Pokea salamu zangu pamoja na za mama. Natumaini wewe, Carol na watoto mnaamka salama huko Maua, na kwamba kile kikohozi kilichokusumbua likizoni kimekuachilia. Sisi huku tu wazima. Baridi ya mlima imeshuka mapema mwaka huu na mahindi ya shamba la chini yamekawia, lakini chai imechipuka vizuri, na ng'ombe amezaa ndama jike. Mama aliniagiza nianze na habari ya ndama. Nimeshindwa kuanza nayo, lakini imefika.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Ungeniambia nitulie, nami sitaki kutulia kabla sijamaliza.

Ya Februari unayajua, ila unayajua kama nilivyokueleza mimi. Munyi, karani wa kituo chetu cha chai, alimwaga kikapu cha mama mezani mbele ya foleni nzima. Unajua kituo hakitaki kingine ila majani mawili na chipukizi. Munyi akapekua, akatoa majani magumu na vijiti kwa mikono miwili, akayainua ili hata waliokuwa nje wayaone. Akasema mikono ya huyu mama imezeeka, watoto wake wamwambie apumzike, na kwa majani ya namna hii afadhali afuge mbuzi. Mtu mmoja nyuma akauliza kama mbuzi wenyewe watakubali. Watu walicheka. Mama, aliyepeleka chai pale miaka ishirini na sita bila kurudishiwa hata konzi moja, aliyazoa majani yake akashika njia. Hajakanyaga kituoni tangu siku hiyo, na kanisani amehamia benchi la nyuma kabisa.

Mwezi uliofuata Bi Winrose Mukiri, mwalimu mstaafu kutoka Kanyakine, alikuja kanisani kutufundisha wanawake habari za kujitafakari na kujiwekea malengo. Alituambia tununue daftari. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto au kushika simu, tuandike lengo letu kana kwamba limeshatimia, kisha hatua moja ya siku hiyo. Tusiandike tunachokiogopa, tuandike tunachokitaka. Waliokaa karibu nami waliandika nyumba ya mawe, gari, mume asiyekunywa. Mimi niliandika: Munyi hayupo tena mezani.

Usicheke, kwa maana daftari lile lilinifufua. Unakumbuka nilivyokuwa tangu nimalize chuo, miaka miwili nikituma maombi ya kazi na kulala hadi saa nne, nikimwachia mama shamba. Sasa nilikuwa na sababu ya kuamka. Kila asubuhi nilifumba macho nikamwona Munyi akipanda kilima na kikapu mgongoni kama sisi wengine, na picha hiyo ilinipa nguvu kuliko chai na viazi. Niliacha kukaa na simu. Nilisoma kanuni za wakulima hadi nikazijua kwa kichwa. Nilijifundisha kusema mbele ya watu bila sauti kutetemeka, nikiwahutubia ng'ombe. Mwezi wa sita nikagombea ukatibu wa kamati ya kituo. Mzee Gachoki, aliyekuwa akiushikilia, aliwauliza wakulima kama wanataka kuongozwa na shahada isiyoweza kujaza kikapu. Nikamjibu kwamba shahada hiyo angalau inasoma kanuni ambazo yeye amekuwa akifungia ndizi. Nilimshinda kwa kura nyingi. Lengo langu lilikuwa la chuki, Njagi, lakini lilinifanya mtu.

Kisha nikaanza kukusanya maelezo ya wakulima kuhusu Munyi. Nilipata thelathini na moja. Wengine walikuwa na la kusema kweli, maana mdomo wake haukumdhuru mama peke yake. Wengine niliwasaidia kukumbuka. Na wewe, ulipokuja likizo ya Agosti, nilikuwekea karatasi mezani ukiwa unakula, nikakuambia ni kwa ajili ya mama. Ulitia sahihi bila kusoma hadi mwisho. Mwisho wake unasema kwamba siku ile ya Februari ulikuwapo kituoni, kwamba majani yalikuwa mazuri, na kwamba uliona Munyi akichanganya ndani yake magumu ya mtu mwingine. Siku hiyo wewe ulikuwa darasani Maua. Jumanne hii afisa kutoka kiwanda cha chai anakuja kusikiliza malalamiko, na kwa karatasi hizo Munyi angepoteza kazi kabla ya saa sita mchana. Nilishachagua hata nguo nitakayovaa.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu kusimama mezani kusaidia kukagua. Mukami, yule jirani wa ng'ambo ya mto, alileta kikapu chake. Juu kilikuwa kizuri sana, laini tupu. Sikungoja kimwagwe. Nilizamisha mkono moja kwa moja hadi chini, upande wa mgongoni, nikatoka na konzi ya majani magumu. Mukami hakukasirika. Alinitazama, akaniuliza taratibu katibu amejuaje pa kupeleka mkono. Munyi alikuwa kwenye mizani, hakusikia, au alijifanya hakusikia. Nilimwambia Mukami akachambue upya. Lakini mkono wangu ulikuwa unawaka kana kwamba nimeshika upupu.

Bi Winrose alitupa zoezi moja ambalo nimeliruka miezi yote hii. Alisema tuandike siku iliyotuumiza kuanzia kuamka hadi kulala bila kuacha kitu, pamoja na yale yaliyotendwa na mikono yetu wenyewe. Alionya kwamba asiyejaza ukurasa huo atatimiza malengo yake yote na bado hatajua ni nani aliyeyatimiza. Ijumaa alfajiri niliujaza. Nakunakilia kama ulivyo.

Mama alikuwa na maumivu ya kiuno, akaniomba nichume upande wa juu, ule wa kando ya ua. Nilichuma kwa hasira. Niliona nimesoma miaka kumi na sita ili nije kunyeshewa katikati ya michai. Nilivuta majani kwa mkono mzima, magumu, vijiti, chochote, ili kikapu kijae nirudi kitandani. Nikayaweka chini, upande wa mgongoni. Nikafunika kwa yale mama aliyoyachuma, laini tupu. Nikambebesha.

Ndivyo ilivyokuwa. Munyi hakuchanganya kitu. Alichokiinua mbele ya watu kilikuwa changu.

Leo tulipotoka kanisani nilimwambia mama. Alikuwa anamenya nduma, na kisu hakikusimama. Alisema alijua tangu majani yalipogonga meza, maana upande wa juu alikuwa hajaugusa wiki nzima. Akasema maneno ya Munyi aliyasahau kabla ya kuvuka daraja, kwa kuwa Munyi si mwanawe. Alichoshindwa kukisahau ni kwamba nilikuwa nimemsindikiza kwa ajili ya kile kiuno, nikasimama kwenye foleni, watu watatu nyuma yake, na nilikunja mikono. Na kituoni ameacha kwenda kwa sababu wenzake wangemuuliza ni nani aliyechuma siku ile, naye hataki kusema uongo wala kunitaja. Miezi saba, Njagi. Nilidhani ninamlipizia kisasi, kumbe yeye amejifungia nyumbani kwa ajili yangu.

Nimeifunga humu karatasi yako. Ichome leo, usimwonyeshe hata Carol. Wewe ni mwalimu, na jina lako halikuwa langu la kuchezea. Zile nilizowasaidia watu kukumbuka nimezichoma tayari. Zimebaki kumi na nne, na hizo ni za kweli.

Usidhani nimemsamehe Munyi. Nimejichunguza hadi chini kabisa, na sikukuta msamaha. Alikuwa sahihi kuhusu majani, lakini hakuna kanuni yoyote inayomruhusu kumwita mama mzee asiyefaa mbele ya watu aliowapikia kwenye harusi na matanga yao. Miezi hii yote amejikinga na majani yangu. Kila anayemlaumu humjibu kwamba majani yalikuwa mabaya, na mazungumzo yanaishia hapo. Jumanne nitasimama mezani, mbele ya foleni na mbele ya afisa, nitaje jina langu na mkono wangu na upande wa ua. Watanicheka, na ukatibu pengine utaondoka siku hiyo hiyo. Wacha uondoke. Nikishachukua kilicho changu, Munyi atabaki na maneno yake peke yake, bila jani la kujifunikia. Hapo nitamwomba ayarudie kama alivyoyasema siku ile, na nitangoja hata kama itachukua siku nzima. Hilo ndilo nililoandika asubuhi ya leo kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza sikuliandika kana kwamba limeshatimia.

Mama amesikia yote hayo. Alipomaliza nduma aliosha mikono, akaniambia nimtolee sweta lake la kijani, kwa sababu Jumanne naye atakwenda kituoni. Sikuthubutu kumuuliza atasimama upande gani.

Nisalimie Carol, na watoto mmoja mmoja kwa jina. Mwambie yule mdogo kwamba ndama bado hana jina, anamngoja yeye. Kama baada ya kusoma haya hutaki kunijibu, nitaelewa. Mwandikie mama tu, umwambie karatasi imeungua.

Ni mimi dada yako,
Igoki