Matonge Matatu ya Shemeji Yako

Kasongo, tarehe 22 Agosti 2024

Mdogo wangu mpendwa Chimène,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Baba, kisha shangazi Régina na wote wanaolala chini ya paa lenu huko Wamaza. Je, kifua cha Baba kimetulia, au vumbi la kiangazi bado linamsumbua? Na mihogo ya ng'ambo ya mto, nguruwe wa msituni wamewaachia chochote? Sisi huku tu wazima. Gédéon amepanda darasa. Sarah-Grâce, uliyembeba akiwa na siku mbili, sasa anatembea kwa kushika ukuta, na anapoanguka hutazama kwanza kama kuna mtu aliyemwona ndipo aamue kulia.

Kabla sijaendelea niruhusu nifafanue neno moja, kwa kuwa barua hii yote imesimama juu yake. Neno lenyewe ni kuchagua chakula. Mtu anayekataa chakula kwa sababu ya ugonjwa hachagui. Mwili wake ndio unaochagua. Anayekataa nyama fulani kwa kuwa ukoo wake hauili, naye hachagui. Babu zake walichagua kabla hajazaliwa. Aliyeshiba hachagui. Mchaguzi kwa maana kamili ni mtu mwenye njaa, mwenye afya, asiyekatazwa na yeyote, anayewekewa chakula kizuri, akanawa mikono, akaonja, akaacha. Shemeji yako Octave ni mchaguzi kwa maana hiyo kamili.

Unamfahamu, lakini hujawahi kumwona akila chakula changu, maana ulipokuwa hapa sikupika. Hakasiriki. Laiti angekasirika, ningekuwa na la kujibu. Humega matonge matatu ya bugali, huchovya katika sombe yangu ya majani ya mihogo, hutafuna polepole kama mtu anayesikiliza habari za mbali, kisha husema: "Aksanti, Mama Gédéon, nimetosheka," na husukuma sahani kwa vidole viwili. Ndivyo ninavyosukuma mimi karatasi ya mwanafunzi ambaye nimemwangusha lakini sitaki kumvunja moyo. Mama mkwe wangu, Mama Feza, ambaye ua wake na wetu umetenganishwa na safu ya migomba tu, hucheka kila ninapomlalamikia. Husema mwanawe alizaliwa hivyo: "Ule mutoto anakula na pua mbele ya kinywa. Mie mwenyewe alinishinda."

Kwa miaka tisa maneno hayo yalinifariji. Mtu akichagua kwa wote, hakuna aliyeshindwa peke yake.

Kisha ulikuja wewe. Desturi ilitaka hivyo: mzazi hagusi jiko mpaka nguvu zimrudie, na mdogo wake ndiye anayempikia mume wa nyumba. Ulikaa majuma saba, Julai na Agosti ya mwaka jana. Na kwa kuwa shemeji na shemeji wana ruhusa ya kutaniana, nyumba yangu, ambayo ni nyumba ya watu wanaozungumza kwa sauti ya chini, ilijaa kelele. Mimi nilikuwa nimelala chumbani, mlango nusu wazi, nikisikiliza. Octave alikuwa akiingia kutoka mashamba ya mpunga, hata pikipiki haijapoa, akipaza sauti: "Muke mudogo! Unataka niende kaburini na njaa?" Nawe ukamjibu bila kuinuka kwamba mzee asiye na subira ale matope ya viatu vyake. Ulipomwekea sahani, uliketi papo hapo kwenye kigoda, ukampokonya kipande cha samaki, naye akaita majirani washuhudie kwamba mwizi iko mu nyumba yake. Baada ya hapo nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nimeolewa: kijiko kikikwangua chini ya sufuria.

Nilicheka pamoja nanyi kutoka kitandani, kwa sababu anayenuna mbele ya utani wa shemeji hujionyesha kuwa mtu mdogo. Kicheko changu kilikuwa cha kweli kwa siku tisa za kwanza. Siku ya kumi nilitambua kwamba nilikuwa nikicheka kwa kuchelewa kidogo.

Uliporudi Wamaza, matonge matatu yalirudi siku ileile.

Mimi hufundisha kemia. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu kila mwaka ni kwamba ukitaka kujua sababu ya jambo, badilisha kitu kimoja tu, vingine vyote uviache vilivyo. Nilianza na mawese: nilinunua kwa mama yuleyule uliyekuwa ukinunua kwake, ya rangi ileile. Matonge matatu. Nikabadilisha majani, nikachuma yale machanga ya ncha kama ulivyokuwa ukichuma wewe. Matatu. Wewe ulilainisha sombe kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yaliyochujwa taratibu katika kikapu chenye matundu, ilhali mimi kwa uvivu wa mjini hutumia magadi ya dukani. Nikachoma maganda, nikachuja majivu mara mbili, hata vidole vikachubuka. Matatu. Nikatwanga zaidi, nikatwanga kidogo, nikaacha makaa, nikapika kwa kuni. Siku moja ya Februari alikula matonge manne. Nilitembea na furaha hiyo kwa siku mbili, mpaka nikaambiwa kwamba pikipiki yake ilikuwa imekatika mnyororo na alikuwa ameikokota tangu asubuhi.

Ndipo nikaanza kufikiri kwamba huenda anakula penginepo. Kuna mwanamke anaitwa Latifa, anayeuza wali na maharagwe karibu na mahali pikipiki zinapoegeshwa. Nilipita hapo mara tatu katika juma moja, nikijifanya natafuta sabuni. Mara ya tatu aliniita mbele ya wateja wake wote. Akaniambia: "Madame, kama unatafuta mupinzani, si mie. Bwana yako hapa anakunywa chai tu. Nilimupa maharagwe ya bure, akaangalia sawa vile mutu anaangalia maiti ya mutu hamujui." Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nami nilicheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeaibika, na nikiwa nimetulia kidogo: Latifa naye alikuwa ameangushwa mtihani.

Basi kilibaki kitu kimoja ambacho sikuwa nimekibadilisha. Jumapili moja ya mwezi wa sita nilipika sombe yangu ya kila siku, bila kuongeza wala kupunguza. Nilipoiweka mezani nilimwambia Octave kwamba Alimasi, yule mwendesha pikipiki anayetuletea barua zako, ameleta furushi kutoka Wamaza, na kwamba sombe ile uliitwanga na kuikausha wewe kwa mikono yako, mimi niliipasha moto tu. Kisha niligeuka nikaenda jikoni haraka, kwa sababu sijazoea kudanganya, na niliogopa atausoma uongo usoni pangu.

Niliporudi, sahani ilikuwa nyeupe. Alikuwa akiifuta kwa tonge la mwisho. Akaniuliza kama imebaki. Akasema: "Muke mudogo hajapoteza mukono."

Chimène, ilikuwa sombe yangu. Nilisimama pale nikiwa nimeshika birika la kunawia, na sikujua kama nimefaulu au nimezikwa. Kwa mujibu wa kanuni yangu mwenyewe, jibu lilikuwa limepatikana: chakula kilikuwa kilekile, jina tu ndilo lililobadilika. Kumbe mume wangu hakuwa akichagua chakula, bali mpishi. Tangu siku hiyo, kila alipotaja Wamaza, hata kwa habari ya bei ya mpunga au daraja lililovunjika, nilisikia jina lako ndani yake.

Sasa nafika pale ambapo tangu mwanzo wa barua hii nimekuwa nikipaogopa.

Majuma matatu baada ya Jumapili ile ilifika barua yako. Ulinieleza kwamba huko kwenu masomo yanaishia darasa la tano la sekondari, na ukaniomba nikupokee mwaka mmoja ili umalize la sita hapa Kasongo na ufanye mtihani wa Serikali. Uliandika kwa heshima nyingi, ukasema utalala hata juu ya mkeka. Nilikujibu kwamba nimesikitika, kwamba chumba cha nyuma amepewa Emile, mpwa wa Octave aliyetoka Salamabila, na kwamba hatakihama karibuni. Ulipokea jibu hilo bila kunung'unika. Nasikia umeanza kulima na shangazi.

Emile alilala hapa siku nne, akaondoka. Chumba kile ni kitupu tangu mwezi wa saba. Nimekufungia mlango wa shule, mimi mwalimu, dada yako wa tumbo moja, kwa sababu ya sahani ya sombe. Na sikukudanganya wewe tu. Octave aliponiuliza utasomea wapi darasa la sita, nilimwambia kwamba umepata nafasi Kabambare. Alisema ni vizuri, ingawa ingefaa zaidi ungekuja kwetu. Hata neno hilo "ingefaa" nililibeba mpaka jikoni nikalipima uzito.

Ningeendelea hivyo kama si Mama Feza. Jumapili iliyopita alikula kwetu. Octave alipokwisha kusukuma sahani na kutoka, nilimweleza mama mkwe wangu mambo yote kwa hasira: majivu, mawese, furushi la uongo, sahani nyeupe. Nilitazamia anionee huruma. Alikula kwanza chakula alichokiacha mwanawe, hakuacha kitu, kisha akasema: "Mama Gédéon, sombe yako iko muzuri. Lakini weye unasimama juu ya mutu sawa mulinzi wa gereza. Anameza, weye unahesabu. Mudogo yako alikuwa anaangalia samaki. Weye unaangalia koo."

Nilitaka kumjibu kwamba ushahidi ninao. Ndipo nikakumbuka birika. Siku ile ya furushi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, sikusimama karibu na mlango, birika mkononi, kumtazama akila. Nilikimbilia jikoni. Yaani nilibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, jina lako na macho yangu, nikahesabu kimoja tu. Mwanafunzi wa darasa la tatu akiniletea jaribio la namna hiyo ninampa sifuri, na juu ya ushahidi wa sifuri hiyo nilikuwa tayari kukunyima mwaka mzima wa maisha yako.

Usidhani kwamba neno la Mama Feza limeniponya. Wivu wangu upo. Ninapoandika mstari huu nauona kama ninavyouona wino. Inawezekana mama huyo anamtetea mwanawe. Inawezekana pia kwamba mume wangu alikula jina lako na kwamba alikula kwa kuwa hakuna aliyemtazama, yote mawili, na hakuna mizani ya kutenganisha nusu hizo. Lakini nimeona kwamba swali hilo ni langu, si lako, na kwamba nilikuwa nikikutoza wewe jibu lake.

Kwa hiyo nimefanya yafuatayo. Jumatatu nilikuandikisha darasa la sita katika shule ninayofundisha. Masomo yanaanza juma la kwanza la Septemba. Chumba cha nyuma nimekifagia. Alimasi atapita kwenu Jumanne ijayo, atakupakia wewe na sanduku lako. Usikubali akuongezee abiria wa tatu. Octave nimemwambia ukweli kuhusu Emile na kuhusu Kabambare. Alisema sikukutendea haki. Nilipomwambia kwamba unakuja, alisema, "Muzuri," mara moja tu, akarudi kuosha pikipiki. Nimejaribu kulipima neno hilo moja, nikashindwa. Habari ya furushi bado sijamwambia. Sijui kama nitapata ujasiri.

Kama baada ya kusoma haya hutaki kukanyaga nyumba yangu, nitaelewa. Kaa kwa Mama Feza, yeye amekwisha kukutengea kitanda bila kuniuliza. Ila shule usiiache. Na ukija kwangu, sikukatazi jiko. Nilifikiri kukukataza, hata niliandika mstari wake, nikaufuta. Nitakayekuwa nimemwadhibu si Octave.

Msomee Baba barua hii mpaka pale penye furushi, usivuke hapo. Kifua chake hakihitaji habari zaidi. Mwambie shangazi Régina kwamba nitamtafutia kitenge alichoniagiza. Gédéon anakuuliza kama bado unajua kupiga mluzi kwa jani. Wote wa huku wanakusalimu kwa mikono miwili, na mimi nakusalimu kwa kichwa kilichoinama, jambo ambalo dada mkubwa halizoei.

Limebaki swali moja ambalo nimelizungusha siku nzima bila kulipatia jibu, nami nakuachia ulifikirie njiani. Jioni ya kwanza, utakapoiweka sahani mbele yake na kuketi kwenye kigoda chako, mimi nikae wapi?

Dada yako,
Sidonie, Mama Gédéon