Daktari Makena na Mifupa ya Kinna

Jumatatu, 4 Machi
Nimeandika kurasa mbili kabla ya kwenda shule. Daktari Makena amepiga magoti shimoni tena, brashi mkononi. Hiki kitabu cha nne. Katika vitatu vya kwanza alifukua mifupa, akaipa majina, akamtaja muuaji. Mwishoni kila mtu ametulia. Nimeanza kumchukia.

Jumatano, 6 Machi
Mama Guyo alikuja mpaka stafrumu. Ndiye anayeniuzia maziwa ya ngamia. Mwanawe Guyo alipotelea Kinna miaka sita iliyopita, akifuata ng'ombe walioibwa. Binti yake amemsomea kitabu changu cha tatu. Humo kijana mchungaji amezikwa kando ya mfereji, chini ya mgunga.
"Mwalimu, nani alikuonyesha hapo mahali?"
Nikamwambia nilitunga tu. Hakuniamini.
Mahali nilitunga kweli. Kijana sikutunga. Kisa chake nilikisikia sokoni, nikakichukua bila kuomba.

Jumamosi, 9 Machi
Mama Guyo ameenda Kinna na kaka zake. Wamechimba chini ya mgunga mkubwa kando ya mfereji. Wamepata mifupa ya mtu. Mungu wangu. Sijala tangu asubuhi.

Jumanne, 12 Machi
Nimeomba ruhusa shuleni, nikapata lifti ya gari la kaunti hadi Kinna. Polisi walikuwepo, na mtaalamu wa mifupa kutoka Nairobi. Mwanamume mchovu, ana mafua. Makena wangu angeshajua jina kabla ya chai. Huyu alipima, akaandika, akapiga chafya. Kisha akasema: mwanamke, tena mzee, kafa zamani sana. Jina hajui.
Si Guyo.
Mama Guyo hakulia. Alifunika mifupa kwa leso yake. Nimejiona mwizi.

Ijumaa, 15 Machi
Nimerudi Kinna. Nikamwambia Mama Guyo yote: mahali pa uongo, kisa cha kuiba. Nilitaka anitukane.
"Yule kijana wako, nilijua ni Guyo. Kwa kitabu umemzika vizuri. Sasa wacha mimi nitafute."
Afadhali angenitukana.

Jumapili, 17 Machi
Sikwenda kanisani. Nimewaandikia wachapishaji: hakuna kitabu cha nne. Sikueleza sababu.
Sokoni wanasema Mama Guyo amebaki Kinna kwa kaka yake. Asubuhi hutoka na jembe. Jioni hurudi, hunawa.