Kuku wa Mlimani

Mjukuu wangu Solange,

Salamu nyingi kutoka Shituru. Shangazi yako amejifungua, na mtoto analia kushinda king'ora cha kiwanda.

Unaniuliza nilimpataje mke wangu, nkambo yako mwanamke. Mwezi wa saba, baridi ikiuma, nilimpandisha mlima ulio nyuma ya kwao tukatazame ndege. Sikumjua hata mmoja, lakini kila aliyeruka nilimbatiza jina. Mara kichakani kikatoka kitu chekundu.

"Na ile?" akauliza.

"Ile iko ndege ya mulima. Inaogopaka bantu."

"Ile iko kuku ya mama. Tunaitafuta tangu juzi."

Jasho likanitoka kwenye baridi ile. "Miye sijue ndege hata moya," nikakiri.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa umesema kweli. Kamata kuku, twende umusalimie baba."

Mungu akulinde huko Ubelgiji.

Nkambo yako