Korosho Namba Kumi na Saba

S.L.P. 9,
Kibiti, Rufiji.
20 Agosti, 1995.

Mpendwa kaka Bushiri,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa baridi ya kiwanda cha samaki kimepoa. Sisi huku hatujambo. Mama yuko Chumbi, mpunga ameshavuna, na magoti yameanza kumuuma baada ya kazi kwisha, kama kawaida yake.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata. Nimechelewa kujibu, wala sababu si kazi. Uliandika kwamba Zuena amekueleza alivyopata kitabu cha hisabati mara tatu mfululizo, ukasomesha dua huko Mwanza kumshukuru Mungu kwa bahati ya mwanao. Kaka, ile haikuwa bahati. Ulikuwa mkono wangu.

Ngoja nikueleze. Darasa langu la kidato cha nne lina wanafunzi arobaini na kitabu kimoja tu cha maana, kwa kuwa siku hizi vitabu vinauzwa madukani Dar na huku havitufikii. Nikaona nitumie shida hiyohiyo kufundishia somo la uwezekano. Kila mwanafunzi ana korosho yake, haijabanguliwa, nimeiandika namba kwa wino. Kila Ijumaa zote zinatiwa chunguni, natia mkono bila kutazama, natoa moja. Mwenye namba hiyo anakaa na kitabu wiki nzima. Ijumaa inayofuata korosho yake inarudi chunguni na za wenzake, ili kila mmoja awe na nafasi ileile, moja kwa arobaini. Walilipenda somo hilo kuliko yote niliyowahi kufundisha, nami nikavimba kichwa.

Mwezi wa tano, mtihani wa majaribio ulipokaribia, nikakumbuka ulivyoniambia stendi siku ile unaondoka, kwamba nimtazame mwanao. Nikaificha namba kumi na saba, korosho ya Zuena, kiganjani kabla ya kutia mkono. Nilifanya hivyo Ijumaa tatu. Zuena hakujua kitu. Alikuja nyumbani anarukaruka, mke wangu Warda akampikia vitumbua vya kumpongeza, na mimi nikavila.

Kuna msichana anaitwa Mwajabu, mtoto wa mkulima wa Nyamwage. Mpole, ila kwa hesabu hana mchezo. Ijumaa ya tatu alinyoosha mkono akaomba chaki. Akaandika ubaoni moja kwa arobaini, akazidisha kwa moja kwa arobaini, akazidisha tena. Jibu, moja kwa elfu sitini na nne.

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona nafasi yenyewe ndogo hivi? Nimekosea wapi?"

Wallahi hakuwa na ubaya. Alidhani kweli amekosea.

Hakukosea. Nami mbele ya darasa zima nikalitia jibu lake alama ya kosa. Nikawaambia nafasi za namna ile hujumlishwa, hazizidishwi, jibu ni tatu kwa arobaini. Watoto wakanakili uongo wangu kwenye madaftari, na Mwajabu akaniambia asante.

Kwenye mtihani wa majaribio swali la namna hiyo likaja. Nilisahihisha barazani baada ya alasiri. Karatasi ya kwanza imejumlisha, ya pili imejumlisha, ya Zuena imejumlisha. Ya Mwajabu ilikuwa imezidisha vizuri kabisa, kisha akapitisha mstari juu ya kazi yake na kujumlisha. Nimefundisha miaka kumi na moja, sijawahi kuona aibu kama ile. Kalamu nyekundu niliiweka chini.

Jumatatu nilisimama nikawaambia yote. Nikamwomba Mwajabu radhi, nikaliandika jibu lake upya na kulitia vema. Hakuna aliyenizomea. Afadhali wangenizomea. Mwalimu mkuu amenipa barua ya onyo, na nimestahili.

Nakuomba usimgombeze Zuena hata kwa neno moja. Nigombeze mimi, na ukitaka kumhamisha sitafungua mdomo. Siku hizi anasema anataka kurudi kwa bibi yake Chumbi, na mtihani wa taifa umebaki miezi miwili. Mwandikie akae amalize. Mimi nikimwambia hayamwingii.

Sasa wanachezesha wenyewe, mimi nakaa nyuma. Ijumaa iliyopita Mwajabu ndiye aliyetia mkono, akatoa kumi na saba. Ya haki, kaka, niliona kwa macho yangu. Hakuna aliyepiga makofi. Zuena akaenda mbele, akaitazama korosho yake, akairudisha chunguni.

"Chezesheni tena," akasema.

Kitabu akapata mwingine. Jioni, tukiwa wawili tu uani, akaniuliza, "Baba mdogo, ile ya leo ilikuwa ya kweli?" Nikamwapia. Akasema "Haya," akaendelea kuchambua mchele.

Warda anakusalimu sana. Mama anakusalimu, anauliza Idi utakuja au utatuma maneno tu. Nilimwuliza Zuena kama ana salamu niziweke humu. Amesema atakuandikia mwenyewe.

Mungu akupe afya na riziki ya halali, nami anipe uso wa kukutazama siku ukirudi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Seleman